Jeshi au shule ya urubani? Jibu kwa binti wa kambini Gulu

Swali: Shikamoo Kapteni. Nina miaka 19, nimemaliza kidato cha sita mwaka jana hapa Gulu, masomo yangu yakiwa Fizikia, Hisabati na Jiografia. Baba ni sajini wa UPDF, jeshi la Uganda, na mimi nimekulia kambini. Nataka kuwa rubani wa ndege za abiria, hasa zile Airbus kubwa za Uganda Airlines. Mjomba anasema niingie jeshini nisomeshwe urubani bure, nikishapata saa za kutosha nitoke nihamie shirika la ndege, kama wafanyavyo Marekani. Mama yuko tayari kuuza shamba letu la Pakwach nikasome shule ya urubani ya Soroti. Baba hajasema neno. Nifuate njia ipi?

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Sitakuzungusha. Kama unachokitaka ni ndege za abiria, fuata njia ya kiraia. Jeshi ni la mtu anayetaka kuwa askari, awe amepewa ndege au hakupewa. Na Mama asiuze shamba lote; mwombe asubiri mpaka umalize kusoma maelezo haya na mpaka daktari wa marubani awe amekupima.

Nianze na Mjomba, kwa sababu hajakudanganya. Marekani kweli mashirika ya ndege yamejaza marubani waliotoka jeshini tangu enzi za Vita Kuu ya Pili. Lakini tazama kinachoibeba njia ile. Jeshi lao lina maelfu ya ndege, na nyingi ni za uchukuzi na za kubeba mafuta, kubwa kama ndege za abiria, zenye injini kadhaa na marubani wawili wanaofanya kazi pamoja. Rubani anayetoka huko anakuja na saa zinazofanana kabisa na zile shirika linazozitafuta. Tena sheria yao inampendelea. Tangu 2013, kule hata rubani msaidizi wa shirika la abiria lazima awe na leseni ya juu kabisa, ambayo kwa kawaida inadai saa 1,500 za kuruka. Aliyefunzwa na jeshi anaruhusiwa kuipata, kwa masharti fulani, akiwa na saa 750. Kwao, basi, jeshi linapunguza safari kwa nusu.

Ambalo Mjomba hakulitaja ni deni la utumishi. Rubani wa jeshi la anga la Marekani akimaliza mafunzo anadaiwa miaka 10 ya kazi, na hesabu inaanza siku anapohitimu urubani, haianzi siku aliyovaa gwanda. Hata huko, basi, neno "bure" lina bei yake.

Sasa rudi kwetu. Jeshi letu la anga ni dogo, na kazi yake ni vita na ulinzi. Ndege zake zinazojulikana zaidi ni zile sita za kivita, Sukhoi Su-30, zilizopokelewa miaka ya 2011 na 2012, na helikopta za Mi-17 na Mi-24 ambazo wewe mtoto wa Gulu umezisikia zikipita juu ya paa tangu utotoni. Ni mashine za heshima na wanaozirusha ni watu hodari. Lakini shirika la abiria likikuhoji, swali lake la kwanza halitakuwa umeruka saa ngapi. Litakuwa: saa za ndege gani? Ndege ya kivita mara nyingi huruka saa moja, pengine moja na nusu, inarudi chini. Rubani wa Airbus akienda Dubai na kurudi amejaza katika kitabu chake saa zaidi ya kumi. Na helikopta ni jambo jingine kabisa: leseni zake ni zake, leseni za ndege za mabawa ni zake. Saa chache za helikopta zinaweza kukubaliwa, kwa kadiri mamlaka itakavyoamua, lakini sehemu kubwa ya hesabu unaianza upya. Mtu anaweza kutumikia jeshi miaka kumi kwenye Mi-17, akaheshimika kila kambi, kisha akakaa darasani kando ya kijana wa miaka 20 anayejifunza kutua na ndege ndogo ya viti viwili.

Na nani aliyekuambia utachagua? Hapa ndipo ninapoielewa kimya ya baba yako. Yeye ni sajini, anajua kwamba askari huenda anakotumwa. Ukipita usaili, kwanza utafanywa askari. Maofisa hupikwa katika chuo cha kijeshi cha Kabamba, na urubani unakuja baadaye, kama utakuja. Hata ukiingia kwa tangazo la jeshi la anga lenyewe, jeshi ndilo litakaloamua kama utakuwa rubani wa ndege, wa helikopta, fundi wa injini au ofisa wa ulinzi wa anga. Halina kosa katika hilo. Linajaza mapengo yake, halitimizi ndoto za mtu mmoja mmoja.

Kutoka nako si kama kuacha kazi dukani. Kwa sheria ya UPDF ya mwaka 2005, ofisa hajiuzulu kwa kuacha barua mezani. Anaomba, na bodi inaamua. Wapo walioruhusiwa haraka, na wapo waliosubiri miaka mpaka wakaenda mahakamani. Rubani ambaye taifa limemgharamia sana ni mtu wa mwisho ambaye mkuu wake angependa kumwona anaondoka, na mimi ningekuwa mkuu huyo ningefanya vivyo hivyo. Ukipanga maisha yako juu ya ruhusa ya mtu mwingine, usipange tarehe.

Kuna na hili, ambalo binti wa kambini hahitaji kufundishwa, ila Mjomba pengine amelisahau. UPDF imekuwa Somalia tangu 2007. Agosti 2012, helikopta tatu za Mi-24 zilizokuwa zikielekea huko zilianguka katika Mlima Kenya, na baadhi ya waliokuwamo hawakurudi. Waliokuwa ndani hawakuwa wakikusanya saa ili wahamie shirika la ndege. Walikuwa kazini. Mtu anayeingia jeshini huku moyo wake uko kwingine anawakosea watu kama hao, na siku ngumu ikifika hatakuwa na kitu cha kumshikilia.

Hayo yote siyasemi kulidharau jeshi. Nimewafundisha marubani waliotoka jeshini waliokuja kutafuta leseni ya kiraia, na wana mambo ambayo kijana wa kawaida humchukua miaka kuyapata. Wanafika mapema. Wanaisoma orodha ya ukaguzi neno kwa neno hata kama wameisoma mara elfu. Injini ikizimwa ghafla katika mazoezi, mikono yao haitetemeki. Juu ya hayo wamesoma huku wakilipwa mshahara, hawadaiwi na mtu. Wakishatoka wanafanya mitihani ya mamlaka ya usafiri wa anga, UCAA, wanapimwa afya daraja la kwanza, wanaleta kitabu cha saa kilichothibitishwa na kikosi chao, na mamlaka inaamua itahesabu saa zipi. Wengine wanafika mbali.

Kitu kinachowasumbua, na nitakusimulia kwa sababu kinakuhusu hata kama hutavaa gwanda, ni kumwambia mkubwa kwamba anakosea. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu uwanjani wakafa watu 583. Kapteni wa mojawapo alianza kuruka kabla ya kupewa ruhusa. Mhandisi wake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani; kapteni, mkongwe aliyeheshimiwa na wote, akamjibu kwamba imetoka, na hakuna aliyesisitiza. Tangu ajali ile urubani wa abiria ukaanza kufundisha marubani kushauriana: msaidizi ana wajibu wa kusema, na kapteni ana wajibu wa kusikia. Wewe umelelewa kambini, mahali ambapo afande akisema, imekwisha. Adabu hiyo ni nzuri na usiiache. Lakini siku utakayoketi kiti cha kulia, kile cha rubani msaidizi, ukaona kapteni wako anashuka chini mno kuelekea Entebbe huku mvua ya ziwa imefunika kiwanja, utatakiwa useme kwa sauti, na urudie. Anza kujizoeza sasa.

Tuje kwenye njia ya kiraia, maana nayo ina miiba yake na sitaki uione laini.

Shule ya Soroti ilianzishwa 1971, enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, ili kuzifundishia nchi zetu marubani na mafundi. Mashariki kule anga ni kavu kuliko kando ya ziwa, na hilo humsaidia mwanafunzi kupata siku nyingi za kuruka. Kajjansi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe, nako kuna mafunzo, kwenye kiwanja cha murram ambacho kitakufundisha kutua vizuri kuliko lami yoyote. Hatua zinafanana kokote, kwa sababu zinafuata viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. Leseni ya kwanza ni ya rubani binafsi, angalau saa 40, au 35 katika kozi iliyoidhinishwa. Inafuata leseni ya biashara, ile tunayoiita CPL: saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Juu yake unaongeza idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani bila kuona nje, na idhini ya injini mbili. Mwanafunzi mwenye bidii, katika shule ambayo ndege zake ni nzima, humaliza kwa miaka miwili hivi.

Nataka uelewe jambo moja ambalo habari za Marekani hulivuruga. Kwa viwango vya ICAO, rubani msaidizi hahitaji saa 1,500. CPL pamoja na idhini ya vyombo, ukishafunzwa aina ya ndege husika, inatosha kisheria kukaa kiti cha kulia. Saa 1,500 ni za leseni ya juu, ATPL, inayohitajika ili uwe kapteni wa ndege ya marubani wawili. Shirika linaweza kuweka kiwango chake juu ya sheria, na mengi huweka, lakini mlango haufungwi na sheria kama kule. Hapo peke yake hoja kubwa ya Mjomba inapungua nguvu: ile nafuu ya saa 750 ni dawa ya ugonjwa ambao sisi hatuna.

Ugonjwa wetu ni mwingine, nao ni pengo la baada ya shule. Watu wengi wanadhani kazi ngumu ni kupata leseni. Hapana. Unamaliza na saa 200, unarudi nyumbani na leseni mpya kabisa, na hakuna anayekuita. Uganda Airlines iliporudi angani Agosti 2019 ilianza na ndege za CRJ-900, ambazo zilifika nne mwaka huohuo, kisha zikaja Airbus A330-800 mbili, moja mwishoni mwa 2020, nyingine mwanzoni mwa 2021. Leo inafika Dubai, Mumbai, Lagos, na tangu 2025 London. Ni jambo la fahari. Lakini hesabu hizo ndege mwenyewe uone viti vya mbele ni vingapi, kisha hesabu vijana wenye leseni nchini. Haitoshi kuipenda kampuni moja. Panga kana kwamba kampuni hiyo haipo, ikikuita iwe heri.

Wanaovuka pengo hilo huvuka kwa njia chache. Wengine wanasomea ualimu wa urubani na kufundisha wanaowafuata. Ni kazi inayokomaza, kwa sababu mwanafunzi atakufanyia kila kosa lililopo duniani nawe utalirekebisha kwa utulivu. Wengine wanapata kiti kwenye Cessna Caravan zinazopeleka watalii Kidepo, Kihihi kwa ajili ya Bwindi, Pakuba, au Kisoro kwenye milima ambako hewa ni nyepesi na ndege inahitaji urefu zaidi kuondoka. Wengine wanavuka mpaka kwenda Juba, kwenye ndege za misaada na mizigo. Rubani anayepata saa 50 kwa mwezi anafikisha 600 kwa mwaka. Fanya hesabu: kutoka 200 kwenda 1,500 ni miaka miwili na kidogo. Ukilinganisha na mpango wa Mjomba, ambao kwa uzoefu wangu utakutoa jeshini ukiwa na miaka thelathini na kitu kama bahati ipo, utaona kwa nini nimejibu nilivyojibu. Kwenye mashirika mengi ya abiria nafasi yako ya kupanda cheo huhesabiwa tangu siku ulipoajiriwa, na kwa safari za kimataifa unastaafu kiti hicho ukiwa na miaka 65. Kila mwaka wa mwanzo una thamani.

Sasa shamba. Mafunzo mpaka CPL na idhini zake ni makumi ya maelfu ya dola. Kwa shilingi zetu unavuka milioni mia moja bila taabu. Na hata baada ya hapo, kila aina ya ndege kubwa ina mafunzo yake ya simuleta, mashine ya kuigiza ndege, ambayo mara nyingi hufanyika nje ya nchi, na kama mwajiri hakulipii ni fedha nyingine nzito. Kosa ambalo nimeliona likiziumiza familia nyingi ni kumaliza kila senti kwenye leseni. Leseni ni kitu kinachooza kikikaa. Idhini ya vyombo inarudiwa kila mwaka kwa mtihani angani, afya inapimwa kila miezi 12, na mkono usiposhika usukani miezi sita unaanza kusahau. Kijana aliyehitimu bila akiba anaketi nyumbani, vibali vinaisha, na mwajiri akipiga simu anajibiwa na mtu ambaye haruhusiwi kuruka. Kwa hiyo kama shamba litauzwa, liuzwe sehemu, na katika fedha hizo itengwe ya mwaka mmoja wa kungoja. Kama haitoshi mafunzo pamoja na kungoja, bado hamjawa tayari.

Shule yoyote mtakayoichagua, msilipe yote kwa mkupuo. Lipeni kwa hatua, kwa mkataba wa maandishi. Kabla ya hapo nenda ukasimame kiwanjani siku ya kazi, uhesabu ndege zinazoruka kweli, maana zilizoegeshwa kwenye nyasi hazitakupa saa. Waulize wanafunzi, si ofisi, mara ya mwisho waliruka lini. Hakikisha UCAA inaitambua shule na kozi hiyo. Ukisoma Nairobi au Afrika Kusini, leseni hubadilishwa hapa kwa mitihani michache na taratibu zake. Si kikwazo kikubwa.

Lakini la kwanza kabisa ni afya. Kapimwe daraja la kwanza kwa daktari anayetambuliwa na UCAA kabla hata ya kununua kitabu. Miwani si tatizo: kinachotakiwa ni uone 6/9 kwa kila jicho na 6/6 kwa macho yote mawili, hata ukiwa umevaa. Kutotofautisha rangi, kifafa, au moyo usiopiga sawasawa ndivyo vinavyoweza kufunga mlango, na ni bora uambiwe leo kwa gharama ndogo kuliko baada ya shamba kuondoka.

Na kama fedha zitakataa? Soroti inafundisha pia ufundi wa ndege na uandaaji wa safari za ndege. Ni kazi zenye hadhi kamili, zinalipa, na zinakuweka kiwanjani. Nawajua mafundi waliojisomesha urubani polepole kwa mshahara wao wenyewe, na wakiingia kiti cha rubani wanaifahamu ndege kuliko sisi wengine. Njia hiyo ni ndefu, lakini haiuzi shamba la mtu.

Kuna hali moja tu ambayo ningekuambia uende Kabamba. Ni kama ukijiuliza kwa dhati, "Nikipewa helikopta, au rada, au nikitumwa Moroto bila ndege kabisa, nitaipenda kazi hii?" moyo ukajibu ndiyo. Umeishi na askari miaka yote hiyo, unajua maana ya swali hilo kuliko mimi. Lipeleke kwa baba yako, umuulize yeye kwanza angejibuje katika umri wako, umpe nafasi aseme.

Wiki hii weka miadi ya daktari. Majibu yakiwa mazuri, lipia safari moja tu ya majaribio na mwalimu, Soroti au Kajjansi, ujue kama tumbo lako linakubali. Kisha niandikie. Nitumie na mkataba wa shule nitakaousoma kabla Mama hajatia sahihi popote.